Kilichofichwa na Rangi ya Krispi

Kabla adhuhuri haijafika, darasa la nne la shule moja ya msingi huko Uyole lilikuwa sakafuni. Watoto walishika matumbo na kutapika, na mwalimu wao hakujua aanze na yupi.

Inspekta Yudith Kalinga alipofika, wazazi walikuwa wamekwisha kumpata mkosaji. Katika miji yetu mkosaji hupatikana mapema. Kinachochelewa ni ushahidi. Mkosaji mwenyewe alikuwa Veneranda, mjane auzaye vitafunwa langoni, naye alifungiwa ofisini mwa mwalimu mkuu ili asipigwe mawe.

"Mama, asubuhi umewauzia nini?"

"Krispi, afande. Za chumvi, na zile nyekundu za pilipili. Zinatoka kwa Zabron, kiwandani hapo barabarani. Mimi hata kuzifungua sizifungui."

"Waliokula za chumvi wako wapi?"

"Hao wanaocheza nje. Walioanguka wote ni wa nyekundu." Veneranda alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Na lori lao limeondoka alfajiri kwenda Iringa, limejaa. Huko nako kuna watoto, mwanangu."

Baba mmoja alichomoza kichwa dirishani. "Soma nyuma ya pakiti! Namba tupu! Chakula gani kina namba?"

Yudith alisoma: viazi, mafuta ya mawese, chumvi, kiongeza ladha, rangi, hivi viwili vya mwisho vikiwa na namba. "Namba ni jina tu, baba. Hata chumvi ukiipa jina lake la maabara utaikimbia."

"Basi kula wewe, afande."

Yudith hakula.

Mkuu wake wa kituo alikataa kulisimamisha lori. Mali ya mtu, alisema kwenye simu, haizuiwi kwa tetesi, aletewe sababu. Hospitalini sababu haikupatikana, ila mmoja wa walioanguka, binti aitwaye Lea, midomo imekauka, alinong'ona, "Zilikuwa chungu kwa mbali. Pilipili ikaja ikafunika."

Kiwandani Yudith alimkuta Faustina, mchanganyaji wa viungo, mikono yake myekundu hadi viwikoni. Mtu wa pili wa kushukiwa kwa siku moja, na alionekana kuujua wadhifa huo.

"Rangi unaikadiria kwa macho?"

"Kwa mzani, afande. Na kama ni poda, ileile nimeipaka bisi za mahindi. Zimeliwa jana shule ya jirani. Wapigie."

Yudith akapiga. Mwalimu wa huko alishangaa kuulizwa: watoto wote walikuwa wazima. Poda ikawa imeachiwa huru. Mafuta nayo, kwa kuwa sufuria lililokaanga nyekundu ndilo lililokaanga za chumvi. Kilichobaki kilikuwa kitu ambacho hakuna mzazi aliyekitaja, maana hakina namba: kiazi.

Uani palikuwa na lundo la viazi, limeanikwa juani.

"Na hivi?"

"Vichwa vya lumbesa," alijibu Faustina, akitazama kando.

Lumbesa ni ujazo uliokatazwa: mchuuzi wa Uyole hujaza gunia hadi liote kichwa juu ya mdomo wake, kikizuiwa na wavu wa kamba tu. Wakaguzi wa vipimo wakisikika njiani, vichwa hukatwa na kuachwa kando ya barabara, vikiota jua wiki nzima. Yudith alikwangua kiazi kimoja kwa ukucha. Chini ya ganda kilikuwa kijani.

Zabron, mwenye kiwanda, alitoka ofisini, suti imenyooka kama anakwenda kusoma matangazo kanisani. "Inspekta, karibu chai."

"Naomba maji ya moto tu."

Yudith alizitumbukiza krispi nyekundu katika bakuli la maji hayo. Wekundu ulijitoa polepole, na kingo za kila krispi zikabaki za kijani.

"Kiazi kikikaa juani hujitengenezea sumu, na mafuta ya moto hayaiondoi," alisema Yudith. "Vyeupe ulivipeleka kwenye chumvi, kwa sababu huko kijani kingeonekana. Hivi ukavipaka rangi, na uchungu ukaufunika kwa pilipili."

"Rangi hiyo inaruhusiwa kisheria."

"Ndiyo maana uliichagua."

"Afande, vichwa ni karibu na bure. Nikivimenya hadi vyeupe, sibakiwi na kitu. Hata sisi nyumbani tunazila hizihizi."

"Watoto wako wanakula zipi?"

Faustina ndiye aliyejibu. "Za chumvi, afande. Mimi ndiye huwafungashia."

Yudith alimpokonya Zabron simu, akampigia dereva wa lori na kuweka sauti ya juu.

"Jailos hapa, bosi! Nipo Mafinga, ndio nafungua turubai."

"Usishushe hata pakiti moja. Hapa ni polisi."

"Haya, dada, hapa sijashusha. Ila Makambako nimeshaacha, pale langoni mwa shule. Nilikuta watoto wako mapumziko, wakanigombea kama nyuki."

"Uliacha za chumvi au nyekundu?"

Dereva alicheka, kicheko cha mtu asiye na habari.

"Nyekundu, dada. Za chumvi nani anazitaka?"