Tania na Samaki wa Moba

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Tania aliwalisha samaki wake. Aliwatilia punje chache za chakula, akaegemeza pua kwenye kioo, akawasalimu mmoja mmoja. Walikuwa sikilidi, samaki wadogo wa miambani wa Ziwa Tanganyika, wenye mistari ya bluu na manjano. Mjomba Stany aliwaleta kutoka Moba ndani ya bidoni ya maji, akiipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Sasa waliishi Kolwezi, sebuleni, katika akwariamu, tangi dogo la kioo.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa jike mmoja asiyekula. Mashavu yake yalivimba, kwa maana alikuwa amebeba watoto kinywani.

"Ndivyo mama zao walivyo," mjomba alimweleza. "Anashinda na njaa mpaka watoto waweze kujitegemea. Usimsumbue."

Tania hakutaka kumsumbua. Alitaka kumfurahisha. Jumamosi aliokota mawe ya kijani kando ya barabara ya malori, mawe mazuri yenye mistari, yale ambayo mafundi huyachonga kuwa shanga. Akayaosha, akayapanga ndani ya akwariamu yawe pango lake.

Jumatatu aliporudi kutoka shule, alikuta samaki wawili wanaelea, matumbo juu. Binamu yake Mechack, aliyetoka Fungurume kuja kusoma kwao, alikuwa ameinama juu ya akwariamu, mikono ndani ya maji, povu la sabuni limemganda viwikoni.

"Mechack! Umewaua samaki wangu!"

"Mi? Umeme umekatika, Tania. Mashine ya hewa imezimika. Nilikuwa nafua, nikaona wanahema juu juu, nikaja kuyakoroga maji wapate hewa..."

"Kuyakoroga na sabuni! Muuaji! Unakula kwetu, unalala kwetu, kisha unaua vitu vyetu! Rudi kwenu Fungurume!"

Alipiga kelele mpaka jirani yao, Mama Florentine, akatokea uani akiwa na mwiko wa kusongea bukari mkononi. Mechack hakurudisha tusi. Aliingia ndani, akaleta ndoo ya maji ya kunywa aliyokuwa ameichota mwenyewe alfajiri.

"Mutie yule mama humu," alisema. "Mi sitamugusa, usije ukasema tena."

Tania alimhamisha jike kwa kikombe. Asante hakusema. Kidogo kidogo jike akatulia, akahema polepole.

Mechack akafuatana na Mama Valérie, mama yake Tania, kwenda kuchota maji mengine. Tania akabaki na hasira yake. Akatoa mawe mawili ya kijani katika akwariamu, akayatia ndani ya ndoo ili jike apate pa kujificha.

Foleni ya maji ilikuwa ndefu. Waliporudi jioni, jike alikuwa juu ya maji, analala upande, anatweta.

"Umefanya nini tena?" Tania alimrukia Mechack, akamkamata shati.

Safari hii Mechack naye alifoka. "Nilikuwa kwenye foleni na mamako! Mi nimetia nini? Sema! Sema!"

"Mwachie shati lake," Mama Valérie alisema kwa ukali. "Tania, mdomo huo umenichosha. Nani alibaki hapa?"

"Mimi."

"Na ndani ya ndoo umetia nini?"

"Mawe tu, mama. Mawe mazuri, kama yale ya..."

Aliitazama akwariamu. Mawe mengine yalikuwa bado yamepangwa vizuri, kama alivyoyapanga yeye mwenyewe Jumamosi.

Mama aliyatoa yale mawili. "Jiwe hili lina shaba ndani. Kwetu ni pambo. Kwa samaki ni sumu. Linayeyuka kidogo kidogo, linayachoma matamvua yake ya kupumulia."

Mechack alikuwa bado amenuna. Hata hivyo, yeye ndiye aliyeisuuza ndoo nyingine na kuijaza maji mapya. Jike alihamishwa tena, na samaki wengine waliobaki wakafuata.

"Nisamehe, Mechack," Tania alisema.

"Sitaki. Ulinitukana mbele ya watu."

"Ana haki," mama alisema. "Umekosa mbele ya watu, kasahihishe mbele ya watu."

Tania alivuka ua, miguu mizito. "Mama Florentine, mchana nilisema Mechack ameua samaki. Si kweli. Niliwaua mimi, kwa mawe yangu. Yeye alikuwa anawaokoa."

"Eee! Na mi nimeshamusimulia mama wa duka!"

"Basi nitakwenda na kwake."

Akaenda, machozi yakimtoka njia nzima, akasema yale yale mbele ya wanunuzi.

Siku chache baadaye, Mechack ndiye aliyemwita. "Tania! Kuya uone batoto!" Jike alikuwa amefungua kinywa, na samaki wadogo kama punje za mchele walikuwa wanamzunguka. Tania na Mechack walicheka pamoja, vichwa vimegusana juu ya ndoo.

Mama Valérie aliweka mkono begani kwa binti yake. "Kukasirika si kosa, mwanangu. Samaki wako walikuwa wamekufa. Kosa ni kutafuta wa kulaumu kabla ya kutafuta kilichoharibu. Wewe ulimkodolea macho Mechack, na muda huo wote sumu ilikuwa majini, inaendelea kuua."