Nukta Iliyofutwa Bombambili

"Dada, hii picha imeharibika," alisema kijana wa kwenye kompyuta, na watu wote waliobanana mle studio wakageuka kumtazama Ludovika.

Ilikuwa Jumamosi ya kuelekea kipaimara, na Studio ya Fide pale Bombambili ilifurika akina mama waliofuata picha za watoto na vijana waliofuata mabango ya harusi. Ludovika Ngonyani alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa vizuri, ila uvumilivu wake ulikuwa umemwishia kwenye foleni.

"Haijaharibika, kaka. Ndivyo ilivyo."

"Mbona giza tupu na vumbi?"

"Giza ni anga. Hilo vumbi ni galaksi."

Fidelisi, mwenye studio, akasogeza uso kwenye skrini. Alikuwa na shati jeupe, vidole vyeusi kwa wino, na tabasamu la mtu anayejua kwamba analo. "Nikikuprintia hii kwa ukubwa wa bango, utanimalizia wino mweusi wote. Maharusi wa wiki ijayo niwaandike kwa mkaa?"

Watu wakacheka. Ludovika alitaka kununa, lakini kicheko kikamshinda.

"Basi igeuze. Anga liwe jeupe, galaksi ziwe nyeusi. Hata sisi hufanya hivyo."

"Sisi akina nani?"

"Tunaotafuta nuru ya kwanza."

"Ooh, kumbe mlokole!"

"Mwalimu wa fizikia, bwana!"

Fidelisi akaomba namba ya simu, eti ampigie karatasi ikikauka. Karatasi ilikauka kabla Ludovika hajafika barabarani. Simu ikapigwa hata hivyo, ikapigwa na kesho yake, na keshokutwa hazikuhesabika tena.

"Nieleze tena hiyo nuru yako," Fidelisi alimwambia asubuhi moja, wakinywa chai na maandazi nje ya mgahawa wa jirani. Pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa pembeni, ikiwa imeoshwa kwa ajili ya mgeni huyu.

Ludovika akaelekeza kidole kwenye milima ya Matogoro, iliyokuwa imefunikwa ukungu. "Zamani kabisa ulimwengu ulijaa ukungu wa hidrojeni. Galaksi za kwanza zilipowaka, kila moja ikauondoa ukungu wa karibu yake, sehemu moja hadi nyingine, mpaka anga lote likawa safi. Kikundi chetu cha watafiti kinatafuta hizo za mwanzo. Darubini inapiga picha kipande kilekile cha anga kwa rangi tofauti. Kwenye bluu galaksi haipo, kwenye kijani haipo, maana ukungu umeimeza nuru hiyo. Kwenye nyekundu ya mwishoni kabisa, inatokeza nukta."

"Na wewe umeipata?"

"Nimepata moja. Ila kiongozi wa kikundi anasema huenda ni doa tu la kamera. Tumeomba darubini kubwa zaidi iipime. Ikiwa kweli, ndiyo msingi wa shahada yangu ya uzamivu. Ikiwa doa..." Miaka ya kupembua picha baada ya vipindi vya darasani ilikuwa imening'inia kwenye nukta isiyozidi punje ya ulezi.

"Siyo doa," alisema Fidelisi.

"Umejuaje?"

"Ningekuwa mimi ndiyo hiyo nuru, nimesafiri miaka yote hiyo angani, wewe ungeniona tu. Una macho, mpenzi."

Ndivyo alivyomwita mpenzi mara ya kwanza, mdomo ukiwa umejaa andazi. Ludovika alimpenda palepale, kabisa, wala hakujidanganya.

Matatizo ya wapendanao yalianza kwa utani. Jioni moja simuni, Ludovika akiwa anaangalia picha zake na kumjibu kwa "ee" na "mh", Fidelisi akasema, "Iko siku nitaifuta hiyo nukta yako, labda na mimi nitaonekana." Wakacheka wote wawili.

Yakaja maonyesho ya sayansi pale mjini. Ludovika alipewa meza ya mbele, na kwa mara ya kwanza mama yake, Mama Notburga, angetoka Namtumbo kwenye shamba lake la tumbaku kuja kuona binti anafanya kazi gani hasa. Fidelisi akajitolea kuchapa bango kubwa, la anga jeupe na galaksi nyeusi, bila malipo. Alilileta mwenyewe limeviringishwa, amevaa suti ya kijivu aliyoazima, akamwamkia mama mkwe mtarajiwa shikamoo mbili mfululizo kwa woga.

Bango likafunguliwa. Ludovika akanyoosha fimbo. "Na hapa, ndugu zangu, ndipo ilipo..."

Hapakuwa na kitu. Palikuwa peupe pe.

Akatazama juu, akatazama chini. Galaksi kubwa zote zilikuwepo. Zile ndogo zilikuwa zimetoweka.

"Fide, nukta iko wapi?"

"Nimekusafishia, mpenzi," Fidelisi akajibu kwa fahari, ukumbi wote ukisikia. "Lilikuwa na madoadoa. Nimekesha nayo."

Maskini, hiyo ndiyo kazi iliyomlisha: kuwafuta maharusi chunusi na vijana wa kipaimara makovu. Kwake kidoa juu ya cheupe hufutwa, tena mteja hushukuru. Lakini mtu mmoja nyuma alicheka, na Ludovika akahisi uso unamuwaka.

"Ulisema utaifuta."

"Vika, ule ulikuwa utani! Sikujua kama ndiyo yenyewe!"

"Umeona doa. Kama kiongozi wa kikundi tu." Machozi yakamtoka mbele ya mama yake, akaiacha meza na kuondoka.

Fidelisi akapiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe: "Mpenzi nisamehe, mimi mjinga." Ukasomwa, ukaachwa. Ludovika akafundisha, akasahihisha madaftari, akarudi kwenye chumba alichopanga, akamkumbuka yule mwanamume mpaka akajichukia.

Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika tu alipofungua barua pepe kwenye ofisi ya walimu. Akaisoma. Akaisoma tena amesimama. Darubini kubwa ilikuwa imeipima ile nukta, na nuru yake ilikuwa imetoka kweli enzi za ule ukungu. Ni galaksi! Akapiga kelele hadi chaki zikamdondoka, akampigia mama yake, ambaye alijibu kwa vigelegele vilivyokwaruza simu. Na alipokata, kidole kikaenda chenyewe kwenye jina la Fide. Hakubonyeza. Habari hii aliitaka uso kwa uso.

Bodaboda ilipokata kona ya Bombambili, akamgonga dereva begani. "Simama!"

Ukuta mzima wa studio ulikuwa mweusi. Bango lilishuka kutoka paani hadi karibu na mtaro, anga lenyewe, giza lake lote, na kila kinukta mahali pake. Kimoja kilizungushiwa duara jekundu, na chini yake maandishi makubwa: HILI SI DOA. NILIKOSEA. FIDE.

Fidelisi alitoka mlangoni, mikono myeusi hadi kwenye viwiko.

"Nimeirudisha picha yako ya kwanza," alisema. "Sijagusa kitu. Wino umekwisha wote, na wateja nimewaambia wasubiri."

"Umeandika si doa. Nani amekuambia matokeo?"

"Matokeo yapi?"

Hakujua. Alikuwa ameamini tu, akamwaga wino wake wote ukutani mtaa mzima ukimcheka. Ludovika akamkumbatia vilevile na gauni lake la njano, wino ukamchafua mgongoni.

"Ni kweli, Fide. Ni galaksi! Imethibitishwa!"

Fidelisi akambeba juu, akazunguka naye huku akipiga kelele, na wauza nyanya wa ng'ambo wakashangilia bila kujua wanachoshangilia. Alipomshusha, hakumwachia mikono.

"Vika, nataka tuoane. Unanikubali?"

Ludovika akageukia bango, akalikagua pole pole kama anasahihisha mtihani. Akaweka kidole chini karibu na mtaro. "Na hili doa hapa, ni la nini?"

Fidelisi akaruka. "Wallahi hilo sijaligusa! Nimeacha kila kitu kama kilivyokuwa!"

"Hilo ni tope la bodaboda," alisema Ludovika. "Lifute. Halafu tafuta mshenga, mama anasubiri Namtumbo."