Alama ya Gumba Ndani ya Valvu

Mjomba wangu ni fundi redio, na kwa majisifu hana mpinzani. Zamani, akimaliza redio ya gari, aliirudisha kwa mwenyewe sauti ikiwa imezungushwa juu mpaka mwisho, ili akiiwasha tu mtaa mzima ujue kazi ni ya nani. Aliizungusha kwa gumba lake lenye kovu la kuungua. "Chema chajiuza," alisema. Mkaza mjomba akamwambia ipo siku ataua mtu. Tulicheka sana.

Asubuhi moja tukinywa chai kwenye kibanda chake cha kazi, akaingia mjane wa dereva mmoja aliyekuwa mteja wetu. Alibeba redio kuukuu ya valvu, zile chupa za kioo ambazo lazima zipate moto kwanza ndipo zitoe sauti. Ilitolewa kwenye gari lililotumbukia bondeni likiwa na mumewe, siku ileile aliyoichukua kwa mjomba.

"Barabara ilikuwa nyoofu, fundi," alisema mjane. "Watu wanasema alilewa. Hata wanangu wanaambiwa hivyo shuleni. Itengeneze, niisikie."

Mjomba alitua kikombe. Alikwishaelewa. Dereva aliwasha, redio ikakaa kimya, akainama kuichungulia. Ndipo valvu zilipopata moto, sauti ikamlipukia usoni.

Mjomba alifanya kazi kutwa bila mzaha hata mmoja. Kila alipoizungusha sauti chini, akigeuka kuchukua bisibisi, aliikuta juu.

"Umegusa?" aliniuliza.

Sikuwa nimegusa.

Mjane aliporudi, aliuliza taratibu, "Ulipompa, sauti ilikuwa juu?"

"Chini kabisa, dada." Hakumtazama.

Redio haikuwa na betri. Nyaya zilining'inia. Lakini valvu zikaanza kuwaka. Moja. Kisha nyingine. Tukasubiri.

"Mbona haisemi?" sauti ya mwanamume ikanong'ona ndani ya spika.

Mjane alishika ukingo wa meza. Aliijua.

Kisha ikatoka sauti ya mjomba mwenyewe, yenye kicheko, kwa nguvu iliyotikisa vikombe: "Nimekuachia juu mpaka mwisho! Chema chajiuza!"

Ikazimika.

Mjomba alipiga magoti. "Ni mimi, dada. Hakulewa. Ni mimi."

Mjane hakumlaani, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Uje uyaseme hayo mbele ya wanangu," alisema. "Mimi hawataniamini." Akaondoka, redio akaiacha.

Mjomba aliahidi kwenda kesho yake. Hakwenda. Aibu ilimshika miguu.

Nilipochomoa valvu kubwa ya redio ile, niliona alama ya gumba kwenye kioo. Nikaifuta, haikutoka. Ilikuwa kwa ndani, kusikoingia hata hewa. Mjomba akaweka gumba lake juu yake. Vikalingana, kovu kwa kovu.

"Mjomba, twende," nilimwambia.

"Kesho," akajibu.

Kila anaposema kesho, alama huhamia kwenye kioo kingine. Imekwishamaliza valvu zote za kibandani. Leo mkaza mjomba ameniita chumbani kwao, akanionyesha kwa kidole. Imo ndani ya balbu iliyo juu ya kitanda, upande anaolala mjomba.