Ndizi Iliyong'atwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Francisca alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kumfungua mbuzi na kuchota maji bondeni. Kazi ya nne hakuna aliyempa, nayo ilikuwa kuota ndoto huku macho yakiwa wazi. Ukungu wa kijiji chao cha Murusagamba uliposhuka migombani, alisimama na ufagio mkononi akitazama majani yakipotea moja moja, akajiona yuko mawinguni. Hapo ndipo Bibi Generoza alipopaza sauti kutoka jikoni.

"We Francisca! Umelala umesimama?"

Wiki ile ndoto zilizidi. Jumapili angepokea Komunyo ya Kwanza, na gauni jeupe lilikuwa tayari limetundikwa ukutani. Nyuma ya nyumba, chini ya ardhi, ndizi za sherehe zilikuwa zikiiva.

Jumatatu Bibi alichimba shimo, akalitandika majani makavu ya mgomba, akapanga ndizi mbichi, akaingiza moshi kupitia tundu la pembeni, kisha akafunika vyote kwa majani na udongo. Ijumaa zingetoka za njano, zikamuliwe kwa nyasi, na wageni wanywe juisi. Kijiji kizima kilijua kwamba shimo la Generoza halikuwahi kukosea hata mara moja.

"Lisiguswe," Bibi alionya. "Joto likitoka, tumeumbuka."

Francisca alisikia vizuri kabisa, asije akasingizia masikio. Lakini Jumatano jioni, Bibi akiwa kwa jirani, alikaa kando ya shimo akitazama uzi wa moshi ukipenya udongoni. Akawaza kwamba ndizi zile zinavaa nguo za njano gizani, kimyakimya, kama watoto wanaojiandaa kwenda Misa. Akatamani kuziona zikivaa. Angefukua kidogo tu, nani angejua?

Alifukua. Joto likamjia usoni kama pumzi ya ng'ombe. Alichomoa ndizi moja, akaimenya nusu, akaing'ata. Kumbe bado! Ulimi ulimkaza, akaitema, akairudisha ile ndizi shimoni, akafunika ovyoovyo na kukimbilia ndani. Usiku ule mvua ikanyesha.

Ijumaa wanawake walikuja kukamua, wakiongozwa na Mama Clever, jirani mwenye kicheko cha kusikika hadi ng'ambo ya bonde. Bibi alipofunua majani, kicheko kilikatika. Ndizi zilikuwa za kijani, ngumu, na maji yametuama katikati yake.

"Francisca, uligusa shimo?" Bibi aliuliza.

"Sijaligusa, Bibi."

Maneno yalimtoka haraka kuliko alivyodhani. Bibi aliinama shimoni kwa muda, akapapasa kati ya ndizi, kisha akasimama akifunga fundo la kitenge chake.

"Basi kosa ni langu," aliwaambia wenzake. "Nimefunika vibaya."

"Pole, mama," Mama Clever alisema, kisha kicheko kikamponyoka. "Uzee haubishi hodi! Hata Generoza siku hizi anaivishia mvua!"

Wote wakacheka. Bibi naye alitabasamu, lakini hakuinua macho alipokuwa akiyachota yale maji, akirudisha udongo na kuwasha moshi upya. Moyo ulimuuma Francisca kwelikweli. Kesho kutwa angefunguaje kinywa apokee Komunyo, na kinywa chenyewe ndicho kilichodanganya?

Akaamua kulipa bila kusema. Jioni ile alichota maji dumu baada ya dumu. Jumamosi aliamka kabla ya jogoo, akachota tena, akapalilia maharage, akaosha hata sufuria zilizokuwa safi. Mtungi ulijaa, ndoo zikajaa, mbuzi akanyweshwa hadi akagoma. Kila alipotua dumu alijisikiliza moyoni kama uzito umepungua. Haukupungua.

Alikwenda kwenye mafundisho ya Komunyo akiwa hoi. Katekista Desderius alikuwa akiwaandaa kwa kitubio cha saa tisa. Francisca akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kosa moja linafutwa kwa madumu mangapi ya maji?"

Watoto waliangua kicheko. Katekista hakucheka.

"Hata ungeumaliza mto Ruvubu, mwanangu, yasingetosha," alisema taratibu. "Dhambi hatuwezi kuilipa. Yesu aliibeba msalabani tulipokuwa bado wakosaji, hata kabla hatujajua kuomba. Hiyo ndiyo neema. Nenda kaseme ukweli, uamini kwamba umesamehewa, upokee."

"Na kazi nilizofanya?"

"Kazi ni njema. Ila hazinunui msamaha."

Njiani kurudi nyumbani Francisca alitembea kama mtu aliye usingizini. Ukungu ulikuwa umerudi na migomba ilisimama kimya pande zote mbili, naye aliona kama inamsubiri aseme. Alimkuta Bibi amekaa kwenye kigoda akichambua maharage.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona unalia?"

"Bibi, mimi ndiye niliyefukua shimo. Nikakudanganya. Wamekucheka kwa sababu yangu."

Bibi aliweka ungo chini. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kitu kilichosinyaa na kuwa cheusi. Ilikuwa nusu ya ndizi. Alama za meno zilionekana, na katikati yake pengo moja, sawasawa na pengo lililokuwa mdomoni mwa Francisca.

"Ulijua!" Francisca alishtuka.

"Tangu Ijumaa. Nani mwingine hapa ana pengo hilo?"

"Mbona ulisema kosa ni lako?"

"Ningewaacha wakucheke wewe, siku mbili kabla ya Komunyo yako? Nililibeba. Msamaha nilikuwa nimekwisha kukupa palepale shimoni. Nilikuwa nakungoja tu uje uuchukue, wewe ukawa unaniletea maji." Bibi alimvuta kifuani. "Mtungi umejaa hadi vyura wanakuja kupanga chumba."

Francisca alicheka na kulia kwa pamoja. Bibi akamtupia mbuzi ile ndizi. Mbuzi akaitafuna, akaimeza, akatazama kama kuna nyingine.

"Sasa nawa uso," Bibi alisema. "Kamwambie Mungu haya haya kwenye kitubio. Naye anakungoja."

Jumapili wageni walikunywa chai, na Francisca alipokea Komunyo kwa moyo mwepesi. Jumatano iliyofuata shimo lilifunguliwa tena, na safari hii ndizi zilikuwa za njano tupu. Juisi ilipokamuliwa, Francisca alijaza kibuyu, akaomba ruhusa ya kukipeleka kwa Mama Clever. Bibi alikubali, ila alitaka kibuyu kirudi kitupu.

"Shimo niliharibu mimi," Francisca alimweleza Mama Clever mara tu alipofika. "Bibi hakukosea. Alinifichia aibu."

Mama Clever hakucheka, jambo lisilo la kawaida. "Akakubali tumcheke?"

"Alikubali."

"Yesu wangu! Nitakwenda kumwomba radhi." Akaihamishia juisi kwenye sufuria, akataka kukijaza kibuyu maharage, maana kwa desturi chombo cha jirani hakirudi kitupu.

"Hapana, Mama Clever. Bibi ametaka kirudi hivi hivi, juisi ni zawadi."

Francisca alirudi na kibuyu chake kitupu, na hakuna aliyemtuma alipokwenda moja kwa moja kuchukua dumu.

"Unalipa nini tena?" Bibi alimuuliza.

"Silipi. Nataka tu upikie maji safi."

Bibi alitikisa kichwa kwa furaha. "Sasa umeelewa. Wokovu ni zawadi, mjukuu wangu, haturudishi kitu. Tunaamini, tunapokea, tunashukuru. Kisha mikono yenyewe inatafuta jema la kufanya."

Francisca alishuka bondeni akiimba.