Thadeo na Wimbo wa Kwangu

Nyumbani kwa Thadeo hakukuwa na ng'ombe hata mmoja, lakini asubuhi ile nyumba nzima ilinuka samli. Bhoke, mkewe, alikagua vyungu vyote, akanusa hata kanga yake. Hamna. Harufu ilitoka kwa Gati, binti yao wa darasa la saba, aliyekuwa bado amelala, miguu iking'aa mafuta hadi magotini.

Sasa tuseme ukweli, maana Thadeo alijifanya hajui. Juzi yake gari la sinema lilikuja kutoka Musoma, likatundika shuka jeupe kwenye kijiji chetu cha ujamaa, njia ya Kibara. Filamu ilikuwa ya kijana anayelilia enzi za ngoma za zamani. Mara akatokea Kwangu, mpiga litungu, zeze la kwetu, aliyekufa miaka kumi kabla hatujahamishwa, amejipaka samli, njuga miguuni. Loo, watu walilia kwa raha!

Enzi zake, Kwangu akikutaja kwenye wimbo, lazima usimame utamke utakachomtuza, mbuzi au ndama. Na pale kwenye shuka akatutazama, akaimba, "Thadeo, utanipa nini?"

Thadeo na mdomo wake, akaruka juu. "Chukua Gati, uoe!"

Kijiji kizima kilicheka. Gati peke yake hakucheka.

Tangu hapo njuga zikawa zinalia mchana kweupe, kwanza kisimani, kisha uani.

"Baba Gati," Bhoke alinong'ona, "zimeingia ndani."

"Nyamaza, mtoto asisikie."

"Nilikuwaga nakuambia huo mdomo utatuponza!"

Wakaenda kwa Masatu, mganga. Alimnusa Gati, akarudi nyuma.

"Kwangu amelala zake," alisema kwa sauti ya chini. "Hili ni jini, limevaa sura yake. Gari likirudi, Thadeo, simama palepale uikane ahadi kabla wimbo haujaisha. Ukiisha, Gati ni mke wake."

Gari lilirudi Ijumaa. Bhoke hakuthubutu kumwacha Gati nyumbani peke yake; alijifunga kanga mkononi, ncha ya pili akamfunga binti yake, mafundo matatu. Kwangu akatokea, akagusa nyuzi. Thadeo akasimama, akafungua mdomo.

Lakini wimbo ule ndio ulioimbwa siku alipomposa Bhoke, kabla ya malori yaliyotuhamisha na nyumba za kupangwa mistari, na ulikuwa mtamu, jamani, mtamu hata akaliona boma la baba yake na vumbi la wachezaji, akaona nafasi bado ipo, akajiambia ubeti mmoja tu, na Bhoke akimfinya, "Sema! Sema, baba!" yeye akajibu, "Ngoja kidogo," machozi ya raha yakimtiririka, huku harufu ya samli ikipanda na njuga zikilia, safari hii katikati ya watu walioketi.

Wimbo ukaisha.

"Naikana!" Thadeo alipiga kelele. "Naikana ahadi!"

Fundi wa sinema alikuwa ameshazima mtambo. Bhoke alivuta kanga, ikaja nyepesi, mafundo yote matatu hayajafunguka.

Kwenye shuka, bila mtambo, msichana mwenye sare ya shule alikuwa anacheza, amewapa mgongo, njuga miguuni. Bhoke alianguka chini akiita mwanawe. Thadeo alibaki amesimama, analia kwa uchungu, na mguu wake wa kulia, Mungu atusamehe, ulikuwa bado unafuata ngoma.