Thibitisha Kwamba Ni Wewe

Fundi redio na mkewe waliishi ghorofani. Duka lilikuwa chini, nyumba juu, na katikati ngazi kumi na tisa. Mkewe alikuwa muuguzi mstaafu, na magoti yake yalikuwa yamechoka. Kila asubuhi alishuka ngazi kwa kukaa, moja baada ya nyingine, kama mtoto mdogo.

"Mwaka huu tunauza," fundi alisema. "Tunatafuta nyumba isiyo na ngazi."

Mnunuzi alipatikana. Nyumba ya kuhamia ilipatikana pia, lakini mwenye nyumba hiyo aliwapa mwezi mmoja tu wa kulipa. Wakamwendea wakili, mwanamke wa umri wa binti yao. Siku hizi hati za nyumba zilihamishwa kwa kompyuta, bila foleni ya ofisi ya ardhi. Fundi alifurahi.

Furaha haikudumu. Wakili alitaka kitambulisho. Fundi akamtumia picha kwa simu.

"Picha haitoshi, baba," wakili alisema. "Nataka kitambulisho chenyewe. Na wewe mwenyewe, pamoja na mama."

Fundi akaenda peke yake.

"Mama yuko wapi?"

"Magoti yanamsumbua."

"Hati ina majina mawili, baba. Nitakuja nyumbani kumwona. Lakini kitambulisho chako kimeisha muda tangu mwaka juzi."

Kupata kipya kulichukua siku tisa. Aliporudi, likazuka jingine. Kwenye hati, mkewe aliandikwa kwa jina la baba yake. Kwenye kitambulisho, alikuwa na jina la mume.

"Leteni cheti cha ndoa," wakili alisema.

Hapo maji yalimfika fundi shingoni. "Binti yangu, unanizungusha kama pia. Mtaa mzima unanijua. Redio ya baba yako nimeitengeneza mimi. Nikuthibitishie nini tena?"

"Mimi nakujua, baba. Kompyuta haikujui. Zamani ungeweka sahihi mwenyewe mbele ya karani. Sasa mnanipa idhini, na mimi ndiye ninayeweka sahihi kwa niaba yenu. Nikibonyeza, nyumba imekwenda. Akija mtu mwingine akajiita wewe, nami nisimkague, mtalala wapi?"

Fundi alichukua kitambulisho chake. Alitoka amenuna. Njiani akampigia dalali mmoja aliyejitangaza kwenye simu kwamba anahamisha hati haraka.

"Siku mbili tu, mzee," dalali alisema. "Nitumie picha za vitambulisho na hati. Huna haja ya kuja."

Fundi akatuma zote. Hakumwambia mkewe. Siku mbili zikapita, kisha nne. Simu ya dalali ikawa haipatikani.

Siku ya tano wakili alipiga simu. Fundi alisikiliza, kisha akakaa chini polepole.

"Kuna nini?" mkewe aliuliza.

"Kuna mtu amekwenda kwa wakili wa mji mwingine. Alitaka kuuza nyumba yetu. Ana kitambulisho chenye jina langu na sura yake."

"Kisha?"

"Wakili yule akamuuliza umri. Akasema thelathini na mbili. Kitambulisho kinasema sitini na nane. Akaaga kwamba anatoka kupokea simu, hakurudi. Wakili akatazama kwenye kompyuta, akaona nyumba hii ina wakili tayari. Ndipo akampigia wetu."

"Picha zetu amezipata wapi?"

Ilibidi fundi aseme.

"Baba watoto, wakili anayetaka kuuona uso wako, yeye ulimnunia. Mtu usiyemjua ukampa nyumba yangu."

Siku ileile fundi alitoa taarifa polisi. Ofisi ya ardhi ikaweka alama ya tahadhari kwenye hati, isihamishwe. Mkewe akalitafuta sanduku la vyeti, akakitoa cheti cha ndoa chini kabisa.

Kesho yake wakili alipanda ngazi. Alilinganisha sura na vitambulisho, akasoma cheti, akanakili kila kitu. Kisha akamwomba fundi ashuke dukani kidogo.

"Nifukuzwe kwangu?"

"Nataka kumsikia mama akiwa peke yake."

Fundi akashuka akinung'unika.

"Mama, unauza kwa hiari yako? Kuna anayekulazimisha?"

"Wapo wawili," mama alijibu. "Goti la kulia na la kushoto."

Wakili akacheka. Mama akatia sahihi fomu ya idhini. Fundi naye akaitwa, akatia yake.

Tahadhari ilipoondolewa, wakili alibonyeza. Nyumba ikahama kwa mnunuzi kabla ya chai ya saa nne. Mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili.

Wiki ya pili katika nyumba mpya, simu ya fundi iliita. Sauti asiyoijua ilisema imetoka ofisini, inahitaji picha ya kitambulisho haraka.

"Ofisi gani?" fundi aliuliza.

Mtu yule akababaika.

"Basi niambie iko wapi," fundi alisema. "Nitakuja na uso wangu."

Simu ikakatwa.