Kimono ya Kabati la Mbele

"Wewe dada mwenye mikono mirefu, nichukulie na mimi moja!"

Minori Sakae akageuka. Soko la Naze siku ya sikukuu ya Agosti halina pa kukanyaga, na mbele ya kibanda cha maandazi ya sukari guru watu walikuwa wamebanana hasa. Ni yeye tu aliyeweza kupitisha mkono juu ya vichwa vyote. Alikuwa amevaa kimono nyepesi ya buluu aliyorithi kwa mama yake, nayo mikono yake ilimwishia kiwikoni.

"Unaniomba au unanitukana?"

"Nakusifu! Ningekuwa na mikono hiyo, ngazi kazini ningeitupa."

Huyo ndiye Shunpei Murase, fundi wa mafriji kutoka Osaka, aliyeletwa kisiwani kwetu na kampuni yake kwa muda. Hakuishia hapo. Akatoa futi mfukoni, mbele za watu, akampima kuanzia shingoni hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Una wazimu wewe!" Minori akamchapa kwa upepeo. Lakini alisimama wima mpaka akamaliza kupimwa. Sisi tuliokuwa kwenye foleni tulitazamana tu, tukajua hawa wawili wamekwisha kupendana.

Minori alikuwa mtunzaji wa makumbusho ya mji, jengo dogo jeupe juu ya bandari. Basi kila Jumapili Shunpei akawa analipa kiingilio na kusimama mbele ya jembe moja la kale.

"Leo tena?"

"Sijalielewa bado hili jembe."

"Jembe gani halieleweki, mpenzi?"

"Mtunzaji wake mzuri mno. Ananichanganya."

Mambo yaliharibika mwezi wa Machi. Shunpei aliingia ofisini amevaa suti na tai, siku ya kazi, jasho linamtoka. Akaweka mezani furushi la kitambaa cha zambarau na kulifungua. Ndani mlikuwa na kimono ya hariri, nyeusi inayoelekea kahawia, yenye nakshi za majani madogo madogo.

"Ya bibi yangu," alisema. "Ilifumwa hapa hapa kisiwani, ikatiwa rangi kwa tope la hapa. Nataka uichukue wewe." Akainamisha kichwa, akangoja.

Sisi Wajapani, kutamka "nataka kukuoa" ni kazi kuliko kumeza mfupa. Tunaleta kitu, tunainama, mwenzetu ajazie mwenyewe yaliyobaki. Na Minori, masikini, kila wiki huletewa nguo za mabibi waliofariki! Akavaa glavu zake nyeupe, machozi yakimlengalenga.

"Shunpei! Tutaitunza kama yai. Nitaiweka kabati la mbele kabisa, na jina la familia yenu chini yake."

Shunpei akainua kichwa. "Jina la familia yetu," akasema. "Basi, sawa." Akatoka bila hata kulitupia jembe jicho.

Siku zikapita, haonekani. Minori akapiga simu.

"Mpenzi, umepotelea wapi? Maonyesho yanafunguliwa Jumamosi. Njoo uone nguo ya bibi yako inavyopendeza!"

"Hongera."

"Hongera ndiyo nini? Unaumwa?"

"Mkataba wangu umeisha. Jumamosi hiyo hiyo napanda meli, narudi kwetu."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuja nikakwambia, Minori. Ukavaa glavu."

Simu ikakatwa. Glavu? Minori alilia mpaka meza ikalowa. Kisha akajipangusa uso, akaenda kuitundika kimono kwenye mti wake wa maonyesho, maana kazi ni kazi.

Hapo ndipo aliposhtuka: mikono ya nguo ilikuwa mirefu mno. Shunpei alikuwa amemwambia kwamba bibi yake alikuwa kibushuti, akimfika yeye Shunpei kiwikoni. Kwa nguo hii, bibi huyo vidole vyake visingeonekana kamwe! Minori akasogeza taa. Uzi wa mishono ulikuwa mpya. Kimono nzima ilikuwa imefumuliwa ikashonwa upya, kwa kipimo cha mtu mwingine.

Akaikumbuka ile futi ya sokoni.

"Jamani! Mjinga mimi!" Akazivua glavu na kupenyeza mkono. Nguo ikamfika kwenye kifundo cha mkono, barabara. Tangu azaliwe, nguo ya kurithi haijawahi kumfika pale.

Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, kimya. Mwisho akaandika ujumbe: "Bwana Murase, maelezo ya kabati lako yana kosa. Unatakiwa ufike mwenyewe kusahihisha."

Jumamosi Shunpei akafika, begi begani, uso umekunjamana. Ukumbi ulikuwa umejaa mabibi walioshuka kwenye basi la watalii. Kabati la mbele lilikuwa tupu. Kando yake alisimama Minori ndani ya kimono ile, mshipi mwekundu kiunoni, na Mkurugenzi Motoi akimfokea.

"Sakae! Hiyo ni mali ya mji! Ivue, la sivyo Jumatatu usije kazini!"

"Siivui, Mkurugenzi. Muulize mwenyewe huyo hapo."

Mzee Motoi akageuka. "Bwana Murase, nguo hii uliipa makumbusho, au hukuipa?"

Minori akanyoosha mbele mikono yake yote miwili, mitupu, bila glavu.

Begi likaanguka chini.

"Sikuipa!" Shunpei alisema kwa sauti ya kusikika mpaka bandarini. "Nilimletea yeye. Nilitaka kumuoa, na mpaka sasa nataka!"

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo, baba!" akapaza sauti bibi mmoja wa basi, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Na mimi nakubali!" Minori alicheka huku analia. "Nakubali, na wote mmesikia!" Makofi yakapigwa mpaka vioo vikatetemeka.

Mzee Motoi alitoa leso, akafuta kioo kisicho na vumbi. "Sasa kabati langu la mbele niweke nini?" akanung'unika.

"Weka lile jembe," Shunpei akamjibu, mkono wa Minori ukiwa mkononi mwake.

Bandarini meli ikapiga honi, ikaondoka bila yeye. Na jembe, ukija kwetu, utalikuta kabati la mbele kabisa.